MGENI APEWE JEMBE: UTALII KATIKA SHAMBA LA WAVUJA JASHO

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Mkuyuni, Mwanza.)



Barabara kuu itokayo katikati ya jiji la Mwanza kuelekea kusini hupita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi hadi Usagara. Huko Usagara hugawanyika. Mkono mmoja huenda Shinyanga. Mkono wa pili huenda Kigongo, ambako tangu Juni 2025 magari huvuka ghuba kwa daraja lenye urefu wa kilomita 3 badala ya kungojea kivuko, yakaendelea Sengerema, Geita, na hatimaye Bukoba. Bandari ya Mwanza Kusini nayo haiko mbali na Mkuyuni. Kwa miaka mingi kahawa ya Bukoba ililetwa Mwanza kwa meli, ikapakiwa katika mabehewa ya reli iliyofika mji huu mwaka 1928, ikapelekwa pwani na kutoka huko ng'ambo.

Kwa hiyo mkazi wa Mkuyuni hailimi kahawa, lakini hawezi kusema kwamba kahawa haimhusu. Imepita mlangoni pake kwa muda wa miaka mingi. Leo wanaopita si magunia peke yake, bali na watalii pia. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa nje zaidi ya milioni 2. Wengi wao walikwenda Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Lakini upande huu wa Ziwa nao sasa una hifadhi zake: Saanane iliyo hapa hapa Mwanza, Rubondo, Burigi-Chato, na nyinginezo zilizotangazwa mwaka 2019 katika mkoa wa Kagera, ambao ni mkoa wa kahawa. Si kazi ngumu kutabiri kwamba mtalii atakayekwenda kuona wanyama atataka pia kuliona shamba la kahawa aliyoinywa kwao kila asubuhi.

Swali linalowakabili wananchi ni hili: Mtalii huyo atakapofika shambani, atampata nani kama mwenyeji wake? Je, atampata mkulima aliye mwenye shamba, mwenye chama na mwenye hesabu? Au atampata mkulima aliyegeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa, huku malipo ya kutazamwa kwake yamekwisha kulipwa Arusha au London?

MJADALA WA 1970

Swali hili si jipya. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, ulizuka mjadala mkali juu ya utalii katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam. Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu waliuliza iwapo nchi inayojenga Ujamaa inaweza kuutegemea utalii kama nguzo ya uchumi. Walisema kwamba hoteli kubwa hujengwa kwa mitaji na vifaa vya kigeni, na kwamba kazi inayobaki kwa mwananchi ni kubeba mizigo, kutandika vitanda na kutabasamu. Wapinzani wao walijibu kwamba Taifa linahitaji fedha za kigeni kwa ajili ya mashine, dawa na vitabu, na kwamba mnyama wa porini na ufuko wa bahari havidai mbegu wala mbolea. Hoja za pande zote mbili zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973.

Ukiusoma mjadala huo leo utaona kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Fedha za kigeni zilihitajiwa, na zinahitajiwa hata sasa. Lakini ni kweli vilevile kwamba mtu anaweza kuajiriwa katika utalii maisha yake yote asiwe mwenye chochote katika utalii huo. Hata pale hoteli zilipokuwa mali ya umma, kama ile ya Lobo huko Serengeti, mwanakijiji wa jirani hakuwa na kauli katika uendeshaji wake. Na hoteli hizo zilipobinafsishwa baadaye, hakuulizwa pia. Jambo ambalo pande zote mbili hazikulitazama vya kutosha ni uwezekano wa aina ya tatu ya utalii: utalii ambao mgeni haendi hotelini kuhudumiwa, bali anakwenda mahali pa kazi, na wenye kazi ndio wenye mahali hapo.

NANI MWENYE MBUNI?

Ili kuuelewa utalii wa shamba la kahawa, yafaa kwanza kuielewa kahawa yenyewe na historia ya umilikaji wake.

Huko Buhaya kahawa ya robusta ilikuwako kabla ya Wajerumani. Haikuwa ya kunywa, bali ya kutafuna. Buni zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikatunzwa kwa ajili ya mgeni. Mpaka leo mgeni afikaye katika nyumba ya Mhaya hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Watu wawili waliotaka kufanya udugu walitumia punje mbili za tunda moja. Lakini upandaji wa mibuni haukuwa huru. Ulikuwa chini ya mamlaka ya wakama. Baadaye ukaja unyonyaji wa nyarubanja, ambamo mkulima alilima na kupanda katika ardhi iliyohesabiwa kuwa ya bwana, na kila mwaka akamlipa bwana huyo kodi ya jasho lake. Unyonyaji huo ulifutwa kwa sheria katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru.

Huko Kilimanjaro kahawa ya arabika ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi waliitaka iwe yao peke yao, na hawakupendezwa kumwona Mchagga akiipanda katika kihamba chake chini ya migomba. Wakulima walijibu kwa kuungana. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU. Kagera wakapata chama kikuu chao mwaka 1950. Hapa Mwanza wakulima wa pamba wakaunda shirikisho la vyama vya Victoria mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Historia ya ushirika ni historia ya watu waliokataa kupangiwa bei na dalali.

Historia hiyo haikwenda mstari mmoja. Mwaka 1973 mashamba makubwa ya walowezi huko Kilimanjaro yalitaifishwa, na mengi yakawekwa mikononi mwa vyama vya ushirika vya vijiji. Hapo ndipo shamba kubwa la kahawa lilipokuwa, kwa maana kamili, mali ya wale wanaoishi na kufanya kazi kulizunguka. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao, uamuzi ambao Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kuukiri kuwa ni kosa. Vyama vikarudishwa mwaka 1984. Baadhi ya mashamba yale ya 1973 yalikuwa yamechakaa; mibuni imezeeka, mashine zimekufa, na mengi yakaishia kukodishwa kwa wawekezaji.

Fundisho la miaka hiyo liko wazi. Hati ya kumiliki ni jambo la lazima, lakini hati haipogoi mibuni. Shamba lenye wenyewe wengi lisipokuwa na mtaji, ufundi na hesabu safi, huwa halina mwenyewe.

BEI ILIPOANGUKA

Mwaka 1989 mpango wa dunia wa kugawana mafungu ya mauzo ya kahawa ulivunjika. Nchi zinazolima zikaachwa zishindane, na bei ikashuka. Ikapanda tena kwa muda, kisha ikaanguka vibaya mno katika miaka ya 2001 na 2002. Huko Kilimanjaro wapo waliong'oa mibuni na kupanda nyanya na mahindi. Vijana wakashuka Moshi na Arusha kutafuta vibarua.

Ndipo vyama vikaanza kutafuta njia nyingine. Njia ya kwanza ilikuwa kuuza katika soko la biashara ya haki, ambako mnunuzi hukubali kutoshuka chini ya bei fulani na kuongeza fungu kwa ajili ya maendeleo ya wakulima. Vyama vikuu vya Kagera na Kilimanjaro vyote viliingia katika soko hilo. Njia ya pili ilikuwa kilimo hai: samadi na matandazo ya migomba badala ya mbolea ya viwandani, na kahawa yenye cheti cha kuthibitisha hivyo. Kwa mkulima wa kihamba au kibanja hili halikuwa geni sana, kwani wengi hawakuwa na fedha za kununulia dawa na mbolea hizo. Kitu kigeni kilikuwa ni kuandika: kila shamba lipimwe, kila kazi iandikwe, kila gunia lijulikane lilikotoka.

Njia ya tatu ilikuwa utalii. Tangu katikati ya miaka ya 1990 ulikuwako Mpango wa Utalii wa Utamaduni, ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, ambao uliviwezesha vijiji kupokea wageni wenyewe. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 KNCU, kwa kushirikiana na makampuni ya Uingereza yaliyokuwa yakinunua kahawa yake na kupeleka watalii, ilianzisha mradi ulioitwa Kahawa Shamba katika miteremko ya Kilimanjaro. Jina hilo linasema yote.

KAZI ILIVYOFANYIKA

Katika mradi huo vilijengwa vibanda vya mviringo kwa mtindo wa nyumba za jadi za Kichagga. Mgeni aliweza kulala hapo, au kushinda mchana mmoja tu. Hakuonyeshwa ngoma zilizopangwa kwa ajili yake. Alipelekwa shambani na mwana wa kijiji. Alionyeshwa jinsi mgomba unavyoupa mbuni kivuli na jinsi ng'ombe wa zizini anavyoupa mbolea, na mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu. Kisha aliambiwa achume, na achume nyekundu tu, kwa kuwa tunda moja bichi huharibu ladha ya mengi.

Baada ya kuchuma alizungusha mashine ya mkono ya kumenyea, akaona buni zinavyolowekwa hadi ule utelezi utoke, zinavyooshwa na kuanikwa. Alizitwanga katika kinu, akazipepeta, akazikaanga katika chungu juu ya mafiga, akazitwanga tena. Akanywa kikombe alichokifanyia kazi nusu siku. Wanawake wa kijiji walimpikia ndizi.

Wenyeji husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika utalii wa aina hii mgeni hupewa jembe siku ya kwanza. Na jambo hilo si mchezo wa kuwafurahisha watu waliochoka na miji yao. Mtu aliyechuma kilo moja ya kahawa mbivu, kisha akaambiwa kwamba zahitajiwa kilo kama tano au sita za namna hiyo kupata kilo moja ya buni safi, hawezi tena kuitazama bei ya kikombe kwao kwa macho yale yale. Anaondoka akiwa anajua kiasi gani cha fedha yake humfikia mlimaji. Hiyo ni elimu ambayo hakuna tangazo la biashara litakalomfundisha.

Leo utalii wa kahawa umeenea. Materuni, huko Uru, ni miongoni mwa vijiji vinavyotembelewa sana na wageni watokao Moshi, waendao kuona maporomoko ya maji na kukaanga kahawa. Jambo hili ni la kujivunia. Lakini kwa sababu limeenea, yapasa litazamwe kwa macho makavu.

MAMBO MANNE YA KUANGALIWA

La kwanza ni njia inayopitwa na fedha. Mgeni hulipa mbali, kwa kampuni yenye ofisi mjini. Kampuni hutoa gari na dereva, kisha hukipa kijiji kiasi inachoona kinafaa. Kama wanakijiji hawajui mgeni alilipa kiasi gani, hawawezi kujua kama wamelipwa haki. Hali hiyo haitofautiani na ya babu zao waliompelekea dalali gunia bila kuijua bei ya mnada. Mlanguzi hakutoweka, amebadili bidhaa. Dawa yake ni ile ile ya 1925: wakulima wa eneo moja wawe na chama kimoja, bei moja iliyobandikwa wazi, na risiti.

La pili ni nani hasa anayeitwa mwenye shamba. Kadi ya chama cha msingi aghalabu huwa na jina la mwenye ardhi, na mwenye ardhi aghalabu ni mwanamume. Lakini mikono inayopalilia, inayochuma na inayobeba maji ya kuoshea kahawa kwa sehemu kubwa ni ya wanawake, pamoja na vibarua wa msimu wasio na mbuni hata mmoja. Shamba haliwezi kuitwa la wafanyakazi ikiwa wafanyakazi wake wengi hawana kauli katika mkutano. Utalii unaweza kulirekebisha jambo hili, maana mpishi na mkaangaji wa kahawa hulipwa fedha mkononi kwa jina lake. Unaweza pia kulizidisha, ikiwa fedha yote itapokewa na mwenye kadi na yule aliyesimama motoni akaambulia ahsante.

La tatu ni kuchanganya mguu na fimbo. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, idadi hiyo ilishuka hadi yapata 620,000. Kijiji kilichokuwa kimeacha kupogoa mibuni kwa sababu vijana wote wamekuwa waongozaji wa wageni kilijikuta hakina mgeni wala kahawa. Kisha mambo yakageuka: mapema mwaka 2025 bei ya arabika katika soko la dunia ilipanda kuliko ilivyopata kuwa kwa miongo mingi, na aliyekuwa ameitunza mibuni yake akavuna. Kahawa ni mguu. Utalii ni fimbo. Mzee mwenye busara huishika fimbo, lakini hajikati mguu kwa kuwa amepata fimbo nzuri. Isitoshe, shamba likifa, mgeni atakuja kuona nini?

La nne ni utu. Mtoto anayeacha darasa ili akaombe peremende kwenye gari la watalii amefundishwa somo baya, na litachukua miaka kumtoka. Mzee anayepigwa picha bila kuombwa amegeuzwa kuwa mnyama wa hifadhi. Vijiji vinavyoendesha vizuri utalii wake huweka amri: wageni hawagawi fedha njiani, zawadi za shule hupelekwa shuleni, picha huombwa. Mtu mwenye kwake haoni haya kumwekea mgeni masharti.

WAJIBU WA MWALIMU NA MTUMISHI

Huenda mtu wa Mkuyuni akauliza: haya yote ya Wachagga na Wahaya yanamfaa nini mtu wa mwambao huu, ambaye kazi zake ni samaki, pamba na biashara ndogo ndogo?

Yanamfaa sana, kwa sababu kanuni ni moja. Mgeni yule yule anayetaka kujua kahawa hutoka wapi angependa kujua pia sangara na dagaa wanatoka wapi. Wavuvi wa karabai wanaotoka usiku na wanawake wanaoanika dagaa wana ujuzi unaostahili kuelezwa na wenyewe, kwa bei yao wenyewe. Huko Bujora, karibu na Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yamewaonyesha wageni kwa miongo mingi kwamba upande huu nao una ya kuonyesha. Tena daraja la Kigongo limeifanya Mwanza kuwa lango la Kagera. Wageni watapita. Litakalobaki ni kujua kama watapita kama magunia ya zamani yalivyopita.

Hapo ndipo wajibu wa watumishi wa umma unapoanzia. Ofisa ushirika ana kazi ya kuhakikisha kwamba hesabu za chama zinakaguliwa kwa wakati na kusomwa mbele ya wanachama kwa lugha wanayoielewa, si kufungiwa kabatini. Ofisa utamaduni na ofisa biashara wanaweza kuwasaidia wananchi kuandika mkataba na kampuni ya utalii kabla gari la kwanza halijafika, badala ya kusuluhisha ugomvi baada ya miaka mitatu. Ofisa kilimo asimwachie mgeni wa kigeni kazi ya kuwaeleza wakulima maana ya kilimo hai.

Na mwalimu ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji. Kijana aliyefundishwa kutengeneza daftari la mapato na matumizi katika somo la hesabu anaweza kumwuliza katibu wa chama swali ambalo baba yake hakuweza kuuliza. Kijana aliyefundishwa historia ya ushirika wa kwao anaweza kumweleza mgeni kwa nini shamba hili ni la wananchi na si la bwana fulani. Akiijua na lugha ya mgeni, hatahitaji mtu wa kati wa kumsemea.

Ndugu wasikilizaji, vijana wa 1970 waliogopa kwamba utalii ungelifanya taifa la watumishi. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi, na hatari waliyoiona bado ipo. Lakini mtumishi na mwenyeji wote wawili humpa mgeni maji na kiti. Tofauti yao haiko katika tabasamu wala katika chakula. Tofauti ni kwamba mwenyeji anajua nyumba ni yake, anajua nini kimeingia na nini kimetoka, na mgeni akishaondoka, anarudi shambani mwake kupogoa mibuni kwa ajili ya msimu ujao. Kazi ya Chama, Serikali na shule ni kuhakikisha kwamba mkulima anabaki kuwa mwenyeji.